Babake Bibi Katika Makaratasi ya Moscow

Tangu nirudi, kila nikiingia jikoni kwetu hapa Al Wakrah, Qatar, namkuta mtu na swali. Ochieng ameshawaambia wengine kwamba Warusi nusura wanifukuze kwa kosa la kucheka, na wengine amewaambia nimerudi na jina jipya. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini kwa kuwa Ochieng husimulia hadithi kuanzia mwisho, nimeona niandike mwenyewe, msome kwa zamu, wali usizidi kuungua. Habari za viza na tiketi nitaziruka. Aliyewahi kuzihangaikia hahitaji kukumbushwa.

Kwanza mjue nilifuata nini. Bibi yangu Mwanakombo, mamake mama yangu, anaishi Vanga, mpakani kabisa na Tanganyika ya zamani. Babake, Bakari wa Kombo, aliondoka Bibi akiwa bado tumboni. Alikwenda Tanga, akapata kazi ya kuchochea moto kwenye meli ya Wajerumani, na barua yake ya mwisho ilitoka Berlin, akisema ameachana na makaa ya mawe na sasa anafundisha Kiswahili. Kisha Vita vya Pili vikaanza na barua zikakatika. Mkewe akangoja mpaka naye akafa, akiwa si mke wa mtu na si mjane.

Jamaa zetu wamesema miaka nenda miaka rudi kwamba mtu huyo alikwisha kufa, asomewe khitma, mambo yaishe. Bibi amekataa katakata. Ukimtaja babake ukatanguliza neno "marehemu", anakukatiza papo hapo.

"Mimi sitamuua babangu kwa makisio," husema.

Sasa yeye mwenyewe ni mkongwe na kifua kinamsumbua. Alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, akasema mambo mawili tu: anataka kujua kama babake alikufa, na kama alizikwa kiislamu. Kisha akaongeza kwamba hana muda wa kuningoja kama mamake alivyomngoja babake. Ujumbe ule niliusikiliza kwenye basi la kampuni na nikapitiliza kituo changu.

Kwa nini mimi? Kwa sababu katika ukoo wetu ni mimi ninayejua Kijerumani, na kukijua kwenyewe ni kwa kuungaunga. Nilijifunza ufukweni Diani, nikiwapangia watalii vitanda vya kuotea jua. Naweza kuuliza kwa ufasaha kama ungependa taulo la pili, au kama mgongo wako umeungua. Ndicho kilichonipatia kazi ya mapokezi hapa West Bay, na hapo mapokezi ndipo nilipokutana na mgeni mmoja, mwalimu wa historia kutoka Ujerumani aliyekuja mkutanoni. Nilimweleza habari za babake Bibi huku nikimtafutia ufunguo wa chumba. Akarudi kwao, akanitafutia Berlin, akakosa. Lakini akaniandikia kwamba vita vilipokwisha jeshi la Warusi lilipakia makaratasi ya serikali ya Wajerumani kwenye matreni, likayapeleka Moscow, na mengi yako huko mpaka leo. Yeye alikuwa hawezi kwenda. Akanipa barua ya kunitambulisha na kunitakia kila la heri.

Al Wakrah mpaka uwanja wa ndege

Safari iliharibika kabla haijaanza, na aliyeiharibu ni Ochieng. Mnamjua, udereva wake ni wa kistaarabu lakini ushauri wake hauna breki. Aliponiona na sweta yangu ya kijivu alizima gari.

"Wewe buda, huko ni baridi ya kuua. Hiyo sweta ni ya kuendea harambee," akasema. "Ngoja nikutolee kitu."

Alichokitoa ni koti la rafiki yake anayefanya kazi kwenye ghala la nyama iliyogandishwa, Industrial Area. Lilikuwa la rangi ya machungwa, nene kama godoro, lina mistari inayong'aa ukilimulika, na mgongoni lina picha ya kuku anayetabasamu. Nilikataa. Ochieng akaniambia nilivae kidogo tu nilipime, kisha akawasha gari, na sanduku langu lilikuwa limejaa. Hivyo ndivyo nilivyofika uwanja wa ndege wa Doha katika joto letu hili nikiwa nimevaa kuku mgongoni, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi. Askari mlangoni aliniuliza kama nimekuja kutengeneza mitambo ya kipupwe. Nikamwambia mimi ni abiria. Aliangalia tiketi yangu, akaangalia kuku, akaniambia Mungu anisaidie.

Istanbul, ambako nilipaswa kupita tu

Tulifika Istanbul vizuri, na hapo tukaambiwa theluji imefunga Moscow. Ndege ya kuunganisha haiondoki, na hakuna anayejua itaondoka lini. Wafanyakazi wa shirika walisema hivyo mara moja kisha wakatoweka wote kwa pamoja, jambo ambalo mimi kama mtu wa mapokezi nililitambua mara moja, maana hata sisi hufanya hivyo.

Nilisimama karibu na meza yao tupu ninyooshe miguu. Mama mmoja wa Kirusi, mfupi, mwenye kikapu, akanijia akaniuliza jambo huku akinyooshea kidole mistari ya koti langu. Nikaelewa ananidhania mfanyakazi wa pale. Ningemwambia ukweli, lakini ulimi ulishazoea. Nikajikuta nasema kwa Kiingereza, kwa sauti ile ya kazini, kwamba tunaomba radhi kwa usumbufu na tutawajulisha punde. Mama akainamisha kichwa kwa shukrani, akaenda kuwaambia wenzake. Nilipogeuka nikakuta foleni.

Naapa sikutaka. Lakini mtu akishasimama mbele yangu akiwa na sura ya mashaka, mimi humhudumia. Nikawaonyesha vyoo viliko, nikampatia baba mmoja kiti, nikaamua ugomvi wa soketi ya kuchajia simu. Hatimaye mfanyakazi halisi akarudi, akakuta abiria wametulia na mimi nimesimama nyuma ya meza yake. Alinitazama kwa muda, akaniuliza zamu yangu inakwisha saa ngapi. Mama wa kikapu alinipa mayai mawili ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, na hicho ndicho kilichokuwa chakula changu mpaka tuliporuka kesho yake.

Moscow, beleshi

Sitaisimulia sana baridi ya Moscow. Itoshe kusema kwamba nilipovuta pumzi ya kwanza nje ya uwanja, pua iligoma. Nilimwombea Ochieng dua njema kimoyomoyo, nikafunga zipu ya kuku mpaka kidevuni.

Nilikofikia ni nyumba ya wageni yenye jiko la kushirikiana, kama letu, ila safi. Asubuhi nikanunua maziwa ya chai, nikayamimina, na chai ikageuka vipande vipande. Kumbe nilinunua maziwa lala. Wao huyaita kefir na huyanywa kama sisi tunavyokunywa mala. Nikainywa chai ile hivyo hivyo kwa kuwa nilikuwa nimeitia sukari nyingi na roho ilikataa kuimwaga.

Jengo la hifadhi ya makaratasi ni la kijivu, kubwa, halina kibao cha maana. Nilifika kabla ya kufunguliwa nikasimama mlangoni. Mama mmoja mwenye viatu vya manyoya akatoka, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema maneno makali, kisha akanipa beleshi. Akaonyesha theluji. Akaingia ndani.

Nilifikiria jambo lile kwa makini. Nikasema labda ndiyo desturi yao, kila msomaji husafisha njia yake, na si vibaya, maana hata msikitini huwezi kuingia na viatu. Nikaanza kufukua. Nilikuwa nimefika mbali tu, mwili umeanza kupata joto, nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Alikuwa mwanamume wa makamo wa Kiuzbeki, mwenye beleshi lake, na amevaa koti la rangi ya machungwa lenye mistari ile ile. Alichokosa ni kuku tu. Yeye ndiye mfagiaji wa pale, na mama yule alinidhania mimi ni mwenzake.

Akanisalimu, assalaam alaikum, nikamwitikia, na uso wake ukafunguka. Jina lake Rustam. Tukaimalizia theluji pamoja, kwa kuwa sikuona namna ya kumwachia nusu.

Ukumbi wa kusomea

Ndani, hatua ya kwanza ni kukabidhi koti. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia na koti Urusi, hata ukiwa unatetemeka. Mama wa makoti alilipokea langu, akaligeuza kola, akatafuta, kisha akanigombeza kwa sauti ya chini lakini ya kuendelea, kama shangazi. Nilidhani ni kuku. Sivyo. Kola haikuwa na kitanzi cha kutundikia. Kumbe kwao kuleta koti lisilo na kitanzi ni uzembe wa hali ya juu, ni kumwonyesha mwenye kazi kwamba humjali. Niliporudi jioni kuchukua koti, nilikuta amelishonea kitanzi cha utepe wa buluu. Hakutaka asante.

Kiongozi wa ukumbi aliitwa Galina Petrovna, mwanamke mwembamba, nywele nyeupe, miwani imening'inia kifuani. Kijerumani chake kilikuwa cha kwenye makaratasi na changu cha ufukweni. Aliniuliza nimekuja kwa madhumuni gani ya kiutafiti, nikamjibu kwamba natumaini amelala vizuri. Tulielewana polepole.

Akaanza kunitengenezea kitambulisho cha msomaji. Jina? Rashid. La ukoo? Hamisi, kama lilivyo kwenye pasipoti. Kisha akauliza jina la baba. Kwao Warusi, kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu ni ukosefu wa adabu, lazima ulifuatishe na la babake. Akanipa kalamu ya risasi niandike mwenyewe. Babangu alifariki nikiwa sekondari, na mimi sijawahi kumtaja au kumwandika babangu bila kumtangulizia neno lake la heshima, hata benki. Nikaandika "Marehemu Hamisi".

Galina Petrovna akaona Hamisi tayari ameshaiandika, akaona neno jipya ni moja, akalichukua hilo. Tena mkono wake umezoea namna ya zamani ya Warusi ya kunakili Kijerumani, ambapo h hugeuzwa g. Nilipopokea kitambulisho nikakipeleka kwa Rustam anisomee. Akasoma herufi kwa herufi. Nilikuwa Rashid Maregemovich. Yaani Rashid, mwana wa Marehemu.

Nilirudi kusahihisha, lakini Kijerumani cha Diani hakina maneno ya kueleza jambo kama hilo. Mtalii hakuulizi habari za wafu. Nikasema si jina, ni heshima. Galina Petrovna akasema ndiyo, hata kwao jina la baba ni heshima. Nikashindwa. Tangu siku ile ukumbi mzima uliniita Rashid Maregemovich, kwa unyenyekevu mkubwa, na kila nikiitika nilihisi babangu ananicheka.

Kazi yenyewe haikuwa na kicheko. Makaratasi yale yalipangwa na Warusi kwa kadi za Kirusi, na Galina Petrovna alilazimika kunitafutia kadi yeye mwenyewe. Nikampa Bakari Kombo. Hakuna. Nikampa Kombo Bakari. Hakuna. Nikampa Bakari wa Kombo, Bakari bin Kombo, Bakari wa Vanga, Bakari wa Tanga. Aliniletea faili moja nene la watu wa Tanga, nikalisoma mchana kutwa kwa msaada wa kamusi, nikagundua ni malalamiko ya mkulima wa katani kuhusu bei ya kamba. Siku zilikuwa zinakwisha. Likizo niliyopewa ilikuwa ya kubana, na meneja wangu alikwisha kuniandikia akiuliza kama bado niko hai. Bibi alituma ujumbe akaniuliza kama huko kuna baridi, na hakuniuliza kitu kingine. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Pilau ya Rustam

Siku ya Ijumaa Rustam alinichukua baada ya swala tukale. Alinieleza kwa ishara kwamba kuna chakula cha kwao, akakitaja: palov. Nikamwambia pilau. Akasema hapana, palov. Nikasema hata sisi tunapika, pilau. Akasema haiwezekani, palov ni ya Wauzbeki. Tulibishana njia nzima, neno lenyewe moja, kila mtu akidhani mwenzake hajaelewa.

Kilipokuja nikakubali yaishe. Ni pilau, ila ina karoti nyingi zilizokatwa kama nyuzi, na kitunguu saumu kizima kimezikwa katikati hakijamenywa. Haina mdalasini wala hiliki, na mimi kama mtu wa pwani nilisikitika kidogo, lakini nilikula mpaka nikalegeza mkanda.

Hatukuwa na lugha, lakini tulikuwa na maneno. Yeye akisema vaqt naelewa wakati. Akisema dunyo naelewa dunia. Sabr, xabar, odam: subira, habari, mwanadamu, yote yako kwetu. Nikamwambia kwa maneno hayo hayo kwamba natafuta habari za babu, wakati wa vita, Berlin. Rustam akaacha kula.

"Bobo," akasema, akainua viganja. "Marhum?"

Ni neno letu lile lile. Angekuwa mtu mwingine ningeitikia tu kwa kichwa, maana hesabu ya umri peke yake inatosha. Lakini nilimkumbuka Bibi, na nikaona haya kusema nyuma yake jambo ambalo mbele yake nisingethubutu. Nikamwambia sijui, ndiyo maana nimekuja. Rustam akafikiri, kisha akaniongezea nyama.

Maregemu mwingine

Siku moja kabla ya ile yangu ya mwisho, nilikuwa nimekaa na faili jingine la bure nikijiandaa kwa maneno ya kumwambia Bibi, Galina Petrovna akaja mezani. Alikuwa amevaa miwani, jambo ambalo hulifanya akiwa na habari.

"Rashid Maregemovich," akasema, "huyo Bakari Kombo wako hayuko. Lakini nimekutana na mtu wa ukoo wako. Maregemu mwingine."

Sikuelewa. Akaweka kadi mbele yangu, akaniwekea kidole kwenye jina, akanisomea: Maregemu, Bakari. Mzaliwa wa Afrika Mashariki. Msaidizi wa lugha.

Nilikaa nikiitazama ile kadi mpaka herufi zikaanza kucheza. Nikamwona karani wa Kijerumani, amekaa kwenye dawati lake Berlin, anamuuliza mgeni jina. Bakari. Jina la baba? Na Bakari, ambaye babake Kombo alikuwa ameshafariki, anajibu kama alivyolelewa kujibu: Marehemu Kombo. Karani anaandika neno la kwanza, anaridhika, anafunga faili. Vita vikapita, faili likapanda treni, miaka ikaenda, na mjukuu wa bintiye akaja akafanya kosa lile lile kwenye meza nyingine. Na kama ningeandika jina la babangu kama watu wengine wanavyoandika, Galina Petrovna asingelijua hilo neno, na kadi ile angeipita.

Akaniuliza kama kweli ni mtu wa ukoo wangu. Nikamwambia ukoo wa Marehemu ni mkubwa sana, na hata yeye atakuja kujiunga nao, ila asiharakishe. Alilipokea jambo hilo kwa heshima, akaenda kuagiza faili.

Lilipofika lilikuwa jembamba. Serikali ya Wajerumani wakati ule, mjue, ilikuwa haina tena hata shamba moja Afrika, lakini ilikuwa inawafundisha maofisa Kiswahili ili siku watakaporudi kututawala wawe tayari. Mwalimu wao wa matamshi alikuwa babake Bibi. Kulikuwa na ukurasa wa mazoezi aliouandaa yeye, Kijerumani upande wa kushoto na Kiswahili kulia, wenye kichwa kinachosema ofisa anawasili kijijini.

Kushoto ofisa anasema, "Mimi ndiye bwana wenu mpya. Leteni kuku, mayai na wapagazi." Kulia, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, imeandikwa, "Mimi ni mgeni, nimepotea. Naomba mnionyeshe njia ya kurudi kwetu."

Nilirudia kusoma nikidhani nimekosea. Nikashuka mstari wa pili. Kushoto, "Asiyelipa kodi ataadhibiwa vikali." Kulia, "Asiyetaka kulipa kodi na apumzike, jua ni kali." Wa tatu, "Mimi sisamehi," na kwa Kiswahili, "Mimi mnisamehe."

Hapo ndipo nilipocheka. Sikucheka kidogo. Kicheko kilinitoka kwa sauti ambayo nadhani ukumbi ule ulikuwa haujaisikia tangu ujengwe. Wasomaji wakageuka. Mzee mmoja mwenye medali akapiga meza. Galina Petrovna akaja mbio kunitoa nje, nikamshika mkono nikamwomba asome. Nikamtafsiria kwa Kijerumani changu cha ufukweni, mstari kwa mstari. Aliziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakaanza kumtikisika, akasimama ameupa ukumbi mgongo kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akaniambia kwa ukali mkubwa, wote wasikie, kwamba kucheka ni marufuku.

Ukurasa uliofuata ulikuwa malalamiko ya ofisa mmoja. Alikuwa ameghani somo lake mbele ya mmisionari mstaafu aliyewahi kuishi Tanga, na mmisionari akapaliwa na kahawa. Bakari aliondolewa kazini. Walimpeleka kubeba makaa kwenye ghala. Mtu aliyeondoka kwao kama mchochea moto, wakamrudisha kwenye makaa. Kicheko kilinikauka.

Makaratasi mawili yalibaki. Moja lilikuwa la hospitali ya Berlin, limejaa maneno marefu nisiyoyajua, na Galina Petrovna akaketi karibu yangu akanisomea polepole. Mapafu. Majira ya baridi, vita vikiwa bado. Alikufa hospitalini.

La mwisho nililisoma mwenyewe. Ni barua ya imamu wa Watatari waliokuwa wakiishi Berlin, Waislamu wa asili ya huko huko Urusi, akiiomba hospitali impe mwili wa ndugu yao Mwafrika. Kijerumani chake kilikuwa cha mgeni kama changu, kifupi, na maneno niliyoyapata Diani yalitosha. Anahitaji maji. Anahitaji shuka nyeupe. Kazi yote iishe kabla jua halijazama. Pembeni hospitali imegonga muhuri wa kukubali, na chini imamu ameongeza kwa mkono kwamba imetekelezwa, ameswaliwa, amezikwa.

Neno lilikuwa limefika ulimini nimwitie babake Bibi, nikalizuia, kwa sababu halikuwa langu kuwa wa kwanza kulisema. Galina Petrovna aliinuka. Alikwenda akarudi na kikombe cha chai, ndani ya ukumbi ule ambao hata pipi hairuhusiwi, akakiweka mbali kidogo na faili.

Doha tena

Kurudi hakukuwa na mkasa, ila nilichelewa kulivua koti na nikatoka uwanja wa Doha nikiwa na kuku wangu mgongoni. Asubuhi, jua limeshaamka vizuri. Ochieng alisema yuko njiani, maana yake alikuwa anaoga. Nikakaa kwenye benchi la nje nikampigia Bibi.

Aliyepokea ni binamu yangu Mwanamisi, anayekaa naye. Akamshikia simu sikioni. Nilikuwa nimepanga kuanza na habari nzito, lakini nilipoisikia sauti yake nikaingia woga nikaanza na lile somo. Nikamsomea mistari yote mitatu. Bibi alicheka mpaka kifua kikamkamata, nikamsikia Mwanamisi akimpa maji.

"Huyo ndiye," akasema. "Mama alikuwa akisema mumewe hakuweza kumtii mtu hata akilipwa."

Nikamwambia wale wazungu waligundua. Nikamwambia habari ya makaa, na ya hospitali. Kisha nikamwambia. Jasho na machozi vyote vikanitoka, watu wenye masanduku wakinipitia.

"Aliswaliwa?" akauliza.

"Aliswaliwa, Bibi. Waislamu wa huko walikwenda kumdai hospitali. Walimwosha, wakamvika sanda, wakamzika kabla ya magharibi. Barua nimeisoma kwa macho yangu."

Nilidhani simu imekatika, nikasema halo, halo. Kisha nikamsikia, kwa mbali, akimwambia Mwanamisi amtafutie buibui na fimbo. Mwanamisi akamuuliza anakwenda wapi na jua lote lile.

"Makaburini, kwa mamangu," akasema. "Yeye bado anangoja."